Tangi Lililopimwa kwa Mlango

Mjomba wangu anatengeneza matangi ya samaki, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mlangoni. Jina hilo alilipata kwa haki. Ukimwita kwako akutengenezee tangi, hatatazama ukuta unaotaka likae, wala sebule, wala samaki mwenyewe. Atasimama mlangoni, atatoa futi ya chuma kiunoni, atapima upana wa fremu mara mbili, juu na chini, kwa sababu mafundi wetu wa milango wana macho yao na mistari iliyonyooka ina yake. Kisha atatoa sentimita nane za vidole vya wabebaji. Kimo anakifanya sawa na upana. Zinazobaki ndizo upana wa tangi lako, upende usipende, maana tangi la mjomba halilazwi ubavu hata dakika moja. Anasema likilazwa, gundi hupinda na haisamehe.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa kijana alimtengenezea mtu tangi zuri, kubwa, la kujisifu nalo, na lilipofika mlangoni halikuingia. Wanaume wanne walisimama juani wameshika vioo, majirani wakitoa ushauri, mpaka mmoja akachoka mkono. Siku ile walikusanya vipande kwa beleshi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Toka hapo miaka thelathini imepita na hakuna tangi lake lililowahi kukwama, na hilo atakwambia kabla hujauliza.

Mimi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa pekee. Nimefanya kazi karakana kwake miaka kumi na minne. Yeye anakata vioo, mimi napaka gundi. Watu wanasema nina hasira za karibu. Mama anasema nimezitoa upande wa baba, na anayesema hivyo ndiye aliyewahi kumtupia mteja gauni lake dirishani. Nalieleza hili mapema ili nikianza kumsema mjomba msidhani simpendi. Nampenda. Lakini kuna siku nilitamani kumpiga na futi yake.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele ndiyo ofisi: vyerehani viwili, meza ya kukatia, sanamu ya kuvalisha nguo isiyo na kichwa, na kwenye ukuta wa kushoto, tangi. Mjomba alimletea zawadi miaka minne iliyopita, mimi nilipoolewa na nyumba ikabaki kimya. Ndani ya tangi aliweka kambare mmoja mdogo kama kidole, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mkia mwekundu, sharubu zimemzidi uso. Ni samaki wa mito ya mbali, mlaji wa wenzake. Mama aliuliza swali moja tu: huyu anakuwa mkubwa? Mjomba akajibu alivyomjibu kila mteja maisha yake yote, kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na gundi vidoleni. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo hivyo. Samaki hakuulizwa.

Mama alimwita Mkwe. Alisema amekuja mikono mitupu, anakula kizuri kuliko wenye nyumba, anashinda amelala, na hakuna anayeruhusiwa kumpandishia sauti. Mwaka wa kwanza aliwameza samaki wadogo watano aliowekewa kama wenzake, mmoja mmoja, kwa adabu, bila kelele. Wateja walikuja kushonewa na wakakaa saa nzima kumtazama. Mama alizungumza naye akishona. Nikimpigia simu, habari za Mkwe zilitangulia za kwake.

Jumanne moja asubuhi simu ikaja kabla sijafungua karakana. Mama hakusalimia. Alisema nije na mjomba wangu, Mkwe anapiga kioo.

Tulipofika tulimkuta ameketi kwenye kiti cha kushonea, amekigeuza kuelekea tangi, mikono mapajani. Mkwe alikuwa amejikunja pembeni, pua imechubuka mpaka weupe unaonekana. Mama akaeleza kwa sauti ya chini, kama tuko wodini: siku tisa hajala. Kipande cha samaki anachokipenda kinampita mdomoni. Kutwa amelala kwenye kona ile, halafu ghafla anajirusha, kioo kinalia, anarudi kulala. Akiwa bado anaeleza, Mkwe akajirusha. Mlio ule niliusikia kwenye meno. Maji yaliruka mpaka kwenye kifuniko, na vyerehani vikatikisika juu ya meza zao.

Mjomba hakumtazama samaki. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kona ya chini kushoto. Mimi nilikuwa nimeshaiona. Gundi ilikuwa imebanduka urefu wa kiganja, na ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba wa hewa ukipanda. Niligusa upande wa nje. Ubichi. Gundi hiyo niliipaka mimi, na sijawahi kupaka gundi ikabanduka. Lakini gundi hutengenezwa izuie maji yaliyotulia, haitengenezwi izuie mnyama wa kilo tisa anayetaka kutoka.

Mjomba akasimama, akajifuta mikono, akatoa hukumu. Tangi limechoka. Atatengeneza jingine, badala ya kioo cha milimita kumi ataweka cha kumi na mbili, gundi mara mbili, na Alhamisi litakuwa limefika.

"Ukubwa ule ule?" mama akauliza.

"Mlango ni ule ule, dada."

Mlango wa mama ni mwembamba, sentimita sitini na tatu. Toa nane. Tangi lile lilikuwa mita moja na nusu urefu, sentimita hamsini na tano upana, na kimo hivyo hivyo. Nilikuwa nalijua kwa moyo, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza niliitamka hamsini na tano kichwani huku namtazama Mkwe.

Mama hakupandisha sauti. Hapo ndipo ujue ameshika moto.

"Mimi nikimshonea mtu gauni," akasema, "sipimi mlango atakaotokea. Nampima yeye. Nampima kifua akiwa amevuta pumzi, halafu namwachia nafasi ya kukaa. Wewe miaka thelathini unapima milango. Kuna siku umempima samaki?"

Mjomba akasema samaki hapimwi, samaki anatelezateleza, na kwa vyovyote tangi hili ni la kutosha, mwenyewe anaona. Akachukua chaki ya kushonea mezani, akaweka alama kwenye kioo, moja penye pua ya Mkwe, moja penye ncha ya mkia, akanyoosha futi ya chuma. Sabini na moja. Akatutazama kama wakili aliyeshinda kesi. Samaki wa sabini na moja, tangi la mia na hamsini: anaingia mara mbili na chenji inabaki.

Mama akavua saa. Akafungua kifuniko chote, kile chenye taa juu, ambacho hakikuwa kimefunguliwa tangu mwaka wa pili kwa sababu kina kidirisha kidogo cha kulishia na hicho kilimtosha. Akachukua futi yake ya kitambaa shingoni, akazamisha mkono mpaka kwenye kwapa. Nilimwomba aache. Mdomo wa Mkwe unameza ngumi. Mama akaendelea taratibu, akamwongelesha, akailaza futi juu ya mgongo wake kuanzia pua, akaifuata kwa kidole mpaka mkiani, anavyofuata mshono wa bega. Mkwe alitulia. Nadhani hakuwa na nguvu ya kufanya kingine. Mama akaubana utepe kwa kucha, akautoa ukichuruzika maji, akasoma.

"Themanini na nne."

Mjomba akasema haiwezekani. Akapima tena kwenye kioo: sabini na moja. Wakaanza kubishana, kila mmoja na futi yake mkononi, wana wa tumbo moja, na wote wawili walikuwa sahihi. Nilivuta kigoda nikapanda ili nimalize ubishi. Nikatazama chini, moja kwa moja, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutazama.

Kwa mbele tulikuwa tukimwona Mkwe ubavu, na ubavuni alikuwa mzuri. Kwa juu mtu aliona haya kumtazama. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda katikati kwenda kulia, halafu nyuma ya mapezi ukapinda kidogo kurudi kushoto. Alikuwa ametulia, hakuwa akigeuka. Huo ndio ulikuwa mwili wake sasa. Mnyama wa sentimita themanini na nne, chumba cha hamsini na tano, na kila alipotaka kugeuka ilibidi ajikunje, siku moja, miezi, miaka, mpaka mifupa ikakubali.

"Mjomba," nikasema, "panda uone."

Akapanda. Alikaa juu ya kigoda muda mrefu kuliko kinavyoweza kumvumilia mtu wa umri wake. Aliposhuka, mama alikuwa anamngoja chini.

"Kaka yangu ni wewe tu, sina mwingine. Lakini Mkwe akifia humu ndani, usinikanyagie tena kizingiti."

Hakumaliza vizuri. Mkwe alijirusha kwa nguvu kuliko mara zote, na nikasikia sauti ninayoijua, sauti ya gundi kuachia kioo, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Kona ya chini ikaanza kumwaga maji, kwanza matone, halafu utepe.

Nilifanya mambo bila kufikiri. Nilichomoa ekstensheni ya vyerehani iliyolala sakafuni chini ya tangi, nikapiga kelele mama azime swichi kuu, nikachukua ubao wa kukatia, nikaugandamiza kwenye kona na kuuegemea kwa mgongo. Lita zaidi ya mia nne zilikuwa nyuma yangu. Kioo cha mbele kikiachia hakimwagi, kinalipuka, na mimi niliyeolewa na kuacha mtoto mdogo nyumbani nilikuwa nimekiegemea. Nilimwambia mjomba kwa maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba kwamba asiposogeza miguu nitamzika mimi au atanizika yeye.

Akasogeza. Kwa hilo sitamnyima haki yake. Aliingiza mipira miwili ya maji, akavuta kwa mdomo, akaelekeza kwenye mapipa matupu ya jikoni, na maji yalipoanza kushuka nilihisi ubao unapungua ukali mgongoni. Lakini kadiri maji yalivyoshuka, Mkwe naye alibaki na machache. Na pa kumpeleka hapakuwa. Karakana hakukuwa na tangi hata moja la kumtosha, kwa sababu hakukuwa na mlango mtaani kote wa kulipitisha.

Mama ndiye aliyelitaja tangi jeusi la uani. Lile la plastiki, la duara, la kuhifadhia maji bomba zikikatika. Lilikuwa na maji nusu, yaliyolala wiki nzima, hayana tena harufu ya dawa. Tatizo ni mdomo wake, mfuniko unapitisha ndoo tu. Mjomba hakusubiri kuambiwa. Nilimsikia uani akipanda juu yake na msumeno wa mkono. Yule mtu asiyeweza kukata kioo bila kupima mara tatu alikata paa la tangi lile bila kupima kitu, akihema, msumeno ukiteleza, na aliporudi ndani kiganja kilikuwa kinatoka damu na hakuwa amejua. Yeye na mama wakamimina uani mapipa ya maji ya zamani ili Mkwe asikutane na ugeni wote kwa mkupuo mmoja.

Alikuwa amebakiwa na maji ya kufunika tumbo. Mgongo uliopinda ulikuwa nje, umekauka, unang'aa. Mjomba akachukua wavu. Mama akamzuia, mapezi yake yana miiba, ikinasa kwenye nyuzi atajichana. Akaenda kwenye meza ya kukatia, akavuta satini ya rangi ya maziwa, mita nne za bibi harusi wa Jumamosi, zimeshakatwa na kupigwa pini. Akazitoa pini mbilimbili kwa meno, akaizamisha satini yote kwenye pipa lililobaki.

Walimfunga kama mtoto mchanga. Mjomba alishika kichwa, mama mkia, na mimi niliacha ubao nikabeba katikati. Alikuwa mzito, baridi, na ndani ya kitambaa nilihisi anatoa mlio, kgo, kgo, kutoka kifuani. Tukafika mlangoni. Nilimwona mjomba akisita, mazoea ya mtu ni ugonjwa, macho yakapanda kwenye fremu. Mkwe akapita. Alipita kwa urefu bila kugusa upande wowote. Mlango ule haukuwahi kuwa na ugomvi naye.

Ndani ya tangi jeusi alizama mpaka chini akalala ubavu. Tukasimama watatu, tumelowa, tunachungulia. Pampu ndogo ya betri ya mjomba ilikuwa inapuliza hewa. Sharubu hazikucheza. Mama alihesabu matamvua yalivyofunguka, kwa kunong'ona, na kati ya hesabu moja na nyingine palikuwa na nafasi ya mtu kufanya maombi kamili. Mjomba alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa cha mabaki ya shati la mtu. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia akae. Nyuma yetu tukasikia kioo cha chumbani kikianguka chenyewe, kipande kimoja, maji yaliyobaki yakamwagika sakafuni. Hakuna aliyegeuka.

Jua lilikuwa limeshasogea ukutani Mkwe alipojiinua. Hakuogelea, alikaa tu sawa, tumbo chini. Mama akakaa kwenye ndoo akalia, na alilia kwa hasira, akimtaja bibi harusi wa Jumamosi, sakafu, na kila mwanamume wa ukoo wetu. Siku ya tatu Mkwe akala kipande kidogo, na mimi nikaenda kumwambia mjomba karakana. Alikuwa ameketi katikati ya vioo hajafanya kazi yoyote. Aliposikia, alivaa viatu.

Alijenga uani, kwa matofali na simenti, kioo kinene upande mmoja tu wa kutazamia. Kabla ya kuanza alikwenda kwa mama na karatasi, akasimama kama mwanafunzi, akaomba vipimo. Mama akamwambia mtoto anashonewa nguo ya mwakani, si ya jana. Mkwe huyu atavuka mita. Kwa hiyo urefu mita nne, upana mbili. Mjomba aliandika. Alipouliza sababu ya mbili, mama akamjibu kwamba kiumbe anaishi pale anapogeukia. Hilo nalo aliliandika. Kazi ilichukua wiki tano, pamoja na kujaza maji na kuyamwaga mara nne ili simenti iache ukali. Alikuja kila siku, na tangu wiki ya pili mama alianza kumwekea chakula, anakiacha juu ya ukuta bila kusema kitu. Bibi harusi alipata satini nyingine. Hakuambiwa ya kwanza ilivaliwa na nani.

Siku ya kumhamisha ilikuwa Jumapili, mchana mweupe. Tulimbeba watatu kama mwanzo, tukamwachia kwenye kona. Maji yalikuwa safi mpaka chini. Akatulia kidogo, sharubu zikapapasa sakafu. Halafu akaanza kwenda, na mama akanishika mkono.

Alikwenda kama mita moja na nusu. Akasimama. Akajikunja, akageuka kwa taabu kama yuko kwenye kanafasi kembamba, akarudi kwenye kona. Akatulia. Akaanza tena. Mita moja na nusu, akajikunja, akarudi. Mbele yake kulikuwa na maji matupu zaidi ya mita mbili. Tulidhani ni ugeni. Tulikaa mpaka alasiri, na Mkwe hakupita hapo hata mara moja. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima hivyo hivyo.

Anakula sasa, anaishi, pua imepona. Mgongo haukunyooka, na daktari wa mifugo alisema hautanyooka.

Jumapili iliyofuata mjomba alikunja mkono wa shati, akalala kifudifudi juu ya ukuta, akazamisha mkono mahali pale pale Mkwe anapogeukia. Akaupeleka huku na huku, kiganja wazi, chenye kovu jipya, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Mama alitoka na kikombe cha chai, akamwona, akasimama. Mjomba hakutoa mkono majini.

"Yako mangapi mengine?" akaniuliza. "Yenye samaki wa aina hii."

Sikuhitaji kwenda kuangalia popote.

"Kumi na moja," nikamwambia. Gundi ya yote niliipaka mimi.